Mguu wa Mkwe Wangu

Watu wanapenda kutia chumvi, kwa hiyo niseme mwenyewe: siku lori la magodoro lilipotugonga kwa nyuma, gari letu lilikuwa limesimama. Limesimama tuli, mbele ya taa nyekundu, na aliyeshika usukani nilikuwa mimi. Ndiyo kwanza nilikuwa namgeukia mkwe wangu nimwambie, “Umeona lilivyosimama?” tukasikia kishindo, na buti likaja kuvisalimia viti vya nyuma.

Dereva wa magodoro alishuka mbio. “Shikamoo mama, nisamehe, nilikuwa naokota simu.” Alikiri hivyo hivyo mbele ya askari, tena bila kuulizwa mara mbili. Hakuna aliyeumia. Lakini gari la watu, kwa nyuma, lilikuwa limekunjamana kama shati lililotoka kwenye beseni.

Nasema gari la watu kwa sababu lilikuwa la mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee. Kazi yake ni kufundisha udereva, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Ni mpole kupita kiasi. Gari lake lilikuwa na pedali za pande mbili, za mwanafunzi na zake mwenyewe, ili mwanafunzi akichanganyikiwa yeye awahi kukanyaga breki. Bila gari hilo hana kazi, na mimi bila gari hilo sina leseni.

Mtaniuliza fundi cherehani mwenye wajukuu anataka leseni ya nini. Naitaka kwa ajili ya mzee wangu. Daktari wa macho alimkataza kuendesha, na mume wangu, ambaye zamani ukimtafuta nyumbani humpati, akawa mtu wa kukaa barazani na kuwasha redio asiyoisikiliza. Gari letu sisi wenyewe likabaki uani. Nikimwambia tuite teksi, anasema hana pa kwenda. Nilimwona anazeeka mbele ya macho yangu, si kwa umri, kwa kukaa. Nikapiga moyo konde: kama yeye hawezi tena kunipeleka, nitampeleka mimi.

Mtihani wa kwanza nilifeli. Mtahini alisimama nje na karatasi zake, nikaambiwa niingize gari katikati ya koni, na koni mbili zikalala chali. Nilisema breki za siku ile zilikuwa mbovu, maana nikiwa na Mwalimu gari lilikuwa linasimama vizuri tu. Mwalimu akainamisha kichwa. “Inawezekana, mama,” akasema. Nikapangiwa mtihani wa pili, na kabla haujafika ndipo akaja huyo wa magodoro.

Kampuni ya bima ya lori ndiyo iliyotakiwa kutupa gari la badala mpaka la Mwalimu litoke gereji. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, ina viti vilivyounganishwa, feni inayozunguka bila kumpuliza mtu, na mtungi wa maji usio na kikombe. Afisa aliyeshika faili letu nilimbatiza Bwana Utaratibu, kwa sababu neno hilo halikukauka mdomoni mwake.

“Gari la badala mtapata,” alisema, “ila kwa utaratibu ni gari dogo la kawaida. La pedali za pande mbili hatuna.”

“Haya, tutashukuru,” akasema Mwalimu.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. “Hatutashukuru. Bwana mdogo, mteja akiniletea kitambaa cha suti nikakiunguza kwa pasi, simpi leso nikamwambia ashukuru. Mmevunja gari la kufundishia, leteni gari la kufundishia.”

“Lakini mama, kwa utaratibu, mwanafunzi akiwa kwenye usukani, huwa tunajiuliza kidogo…”

“Mjiulize nini? Gari lilikuwa limesimama! Ngoja nikuoneshe nilivyolisimamisha.” Nikavuta kiti, nikashika usukani wa hewani, nikakandamiza kiganja juu ya meza yake mpaka kalamu zikaruka. “Hivyo. Tuli.”

Mwalimu alikuwa anaitazama feni.

Tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena. Nilichukua na kazi zangu, nikawa napinda mapindo pale kwenye viti, mpaka dada wa mapokezi akaniletea sketi yake iliyofumuka. Siku moja nikaona koti la Bwana Utaratibu lina kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja, pale pale kifuani. Mimi kifungo cha namna hiyo kinaninyima raha. Nikatoa sindano kwenye mkoba, nikamwambia asivue, nitakishona hapo hapo mwilini.

“Usitikisike,” nikamwambia. “Sindano haichagui.”

Akatulia kama mtoto anayenyolewa.

“Sasa piga simu.”

“Simu? Kwa nani, mama?”

“Kwa wenye magari ya pedali mbili. Nchi nzima hii hayawezi kukosekana. Mimi nabakiza kufunga uzi tu.”

Akapiga. Akapiga na ya pili. Ile ya tatu wakamwambia lipo moja, la chuo kikubwa cha udereva, na linaweza kuletwa kesho asubuhi. Nikakata uzi kwa meno. Bwana Utaratibu akakijaribu kifungo kwa kidole, akacheka, akasema sasa hata koti lake lina bima. Ni kijana mzuri ukishamzoea. Nilishuka ngazi zile nimevimba kichwa, na Mwalimu nyuma yangu anasema, “Mama, wewe ungekuwa waziri.”

Gari lilikuja jeupe, linanukia upya, na matairi yanang'aa. Binti yangu alipiga vigelegele kutoka dirishani. Hata mzee wangu alinyanyuka barazani, akaja kulipapasa kwa mkono toka mbele hadi nyuma. Aliyelileta alimvuta Mwalimu pembeni, akamweleza jambo huku akimwonesha chini ya dashibodi, nami nikaona uso wa Mwalimu unabadilika. Nikadhani ni furaha.

Tukapanda. Nikawasha, nikaingiza gia, tukafika kwenye geti.

Tiii! likalia gari.

“Nini hicho?”

“Ni… ni gari geni, mama. Linazoea.”

Kwenye kona ya kwanza, tiii! Kwenye matuta ya shule, tiii! tiii! Mwenye duka la vocha akatoka nje kutazama. Kufika njia panda, nikalisimamisha gari kwa ustadi wangu wote, na lilipiga kelele ndefu mpaka baiskeli ikatupisha. Hapo ndipo nilipotupa jicho upande wa pili. Mguu wa mkwe wangu ulikuwa umezama kwenye pedali yake, na kijasho chembamba kinamtoka.

“Mkwe wangu,” nikasema, “hebu nyanyua huo mguu.”

Akaunyanyua. Kengele ikanyamaza, na gari likaanza kuserereka kidogo kidogo kuingia barabara kuu. Akaurudisha haraka. Tiii!

“Hiyo kengele inalia nini?”

“Inalia mwalimu akikanyaga breki. Wameiweka ili mtahini ajue nani amesimamisha gari.”

“Na lile la zamani?”

“Lile halikuwa na kengele, mama.”

Nilikaa nikawaza. Nikayapitia mafunzo yote, kona zote, matuta yote, nikaona kwenye kila moja mguu wake umejificha pale chini. “Na siku ile kwenye taa? Siku ya magodoro?”

“Mama, gari lilikuwa limesimama. Hilo ni kweli tupu.”

“Nani alilisimamisha?”

Akatazama magoti yake. “Wewe ni mama wa mke wangu,” akasema hatimaye. “Ningeanzaje kukuambia? Nilijaribu. Nilisema, mama, tukaze breki kidogo. Ukaniambia wewe breki zako ni za hariri.”

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu nakasirika. Nilishuka hapo hapo njia panda, nikamwachia gari lake na kengele yake, nikarudi nyumbani kwa miguu huku nasema peke yangu. Sifanyi mtihani. Siendeshi tena hata toroli. Nimekwenda kujipiga kifua mbele ya watu wa bima, nimewagongea na meza, kumbe mimi ni abiria aliyeshika usukani!

Mzee wangu alikuwa barazani. Nikamwaga yote, pamoja na kengele na yule wa baiskeli. Nilitegemea anipe pole. Akaanza na mabega, yakatikisika. Kisha akacheka. Mwanamume huyu hakuwa amecheka tangu kwa daktari, na sasa alishika nguzo ya baraza, akacheka mpaka miwani ikamtoka, akasema, “Basi, basi, nitakufa,” akaanza upya. Nilitaka kumnunia. Nikashindwa. Tukacheka wote wawili mpaka binti yetu akaja mbio akidhani kuna msiba.

“Lakini mimi najua ubaya uko wapi,” alisema akipangusa macho. “Ulipokuwa unakaa pembeni yangu, nikichelewa kushika breki, ulikuwa unakandamiza dashibodi. Kwa kiganja. Nilikuwa najiuliza, huyu anadhani kuna kitu hapo?”

Nikamtazama. Kisha nikaenda chumba cha kazi, nikakaa kwenye cherehani yangu ya miguu, nikaweka kipande cha kitambaa, nikashona mstari mmoja nikijitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi wa ufundi. Miguu ilicheza, kisigino na vidole, kisigino na vidole. Nilipofika mwisho wa kitambaa, mkono wangu wa kulia ulitoka wenyewe, kiganja kikakandamiza gurudumu, cherehani ikasimama.

Nikapiga ukelele. Maisha yangu yote mguu wangu haujawahi kusimamisha kitu! Kazi ya mguu ni kwenda. Kusimamisha ni kazi ya mkono. Kila njia panda nilikuwa nakandamiza usukani kwa kiganja kwa moyo wangu wote, na huku chini mguu unapapasa breki, unaigusa na kuiachia, kama unashona.

Nikampigia simu Mwalimu. Alipokea kwa sauti ya mtu anayesubiri kufukuzwa kwenye ukoo.

“Njoo na kengele yako,” nikamwambia. “Na ukiingia kwenye gari, mimi si mama mkwe. Ni mwanafunzi. Nigombeze.”

“Mama, hilo siwezi.”

“Utaweza. Mimi nimemshonea afisa wa bima kifungo akiwa amevaa koti. Wewe utashindwa kumgombeza bibi mmoja?”

Siku ile ya kwanza alianza na “Mama, kwa heshima zote, naomba breki,” na kabla hajafika kwenye naomba, kengele ilikuwa imeshalia. Siku iliyofuata heshima zote zikaanguka njiani, akabaki na “Mama, breki.” Mwisho wa wiki alikuwa anafoka, “BREKI! Mguu huo! Acha kushona!” na mimi nafurahi kuliko siku ya harusi yao. Nyumbani nikawa nafanya mazoezi kwa kuukanyaga mzani wa jikoni kwa mguu mmoja, nikiongeza uzito polepole, mpaka binti yangu akauficha.

Kengele ikapungua. Ikawa ya kwenye matuta tu, kisha ya kwenye mteremko wa hospitali tu. Asubuhi moja tulitoka nyumbani, tukapita sokoni, tukapita stendi, tukarudi mpaka getini, na gari halikutoa hata mlio. Mwalimu alikuwa amekunja miguu juu ya kiti kama mtu anayekula mkekani. Nikageuza, tukazunguka tena njia ile ile, kwa raha ya kutosikia kitu.

Siku ya mtihani koni zote zilibaki wima. Kisha mtahini akaingia upande wa Mwalimu, akapanga viatu vyake karibu na pedali, na roho yangu ikapanda juu. Tukapita mjini kote, kwenye taa, kwenye matuta, kwenye watoto wa shule wanaovuka bila kutazama. Kengele haikulia. Tuliporudi aliandika kidogo, akaniuliza, “Mama, umefundishwa na nani?” Nikasema, “Na mkwe wangu. Ni mkali sana.” Mwalimu alikuwa amesimama nje ya geti, anakula kucha, na nilipompungia alirukaruka kama mtoto mbele ya wanafunzi wake wote.

Gari lake likatoka gereji, lile la badala likarudi kwa wenyewe. Bwana Utaratibu akanipigia kuuliza kama huduma ilituridhisha. Nikamwambia alete na suruali.

Siku niliyokabidhiwa leseni nililitoa gari letu uani. Mzee wangu alivaa shati la kutokea, akakaa upande ambao katika ndoa yetu yote ulikuwa wangu. Alihangaika kidogo, hajui mikono aiweke wapi.

“Tunakwenda wapi?” nikamuuliza.

“Popote,” akasema. “Mradi pawe mbali.”

Nikashika barabara kubwa ya kutoka mjini. Mwanzoni alikuwa ananisikilizia kila badiliko la gia. Akaniuliza tumefika wapi, nikamwambia tunapita viwandani. Akauliza mbele kuna nini, nikamwambia lori la mbao na mawingu mazuri. Alipoacha kuuliza, nikadhani ameudhika. Nikamtupia jicho. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwenye mkanda wa kiti, mdomo wazi, anakoroma taratibu.

Mbele taa ikawa nyekundu. Mikono yangu niliituliza kwenye usukani. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikauweka kwenye breki, nikauongezea uzito kidogo kidogo mpaka gari likasimama mbele ya mstari, na mzee wangu hakuamka.