Siku Aliyofunga Kizazi

Fundi cherehani alikuwa na mabinti wanne, na uzazi wa mwisho nusura umwondoe duniani. Damu ilimtoka mpaka daktari akamwambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kummaliza. Alianza sindano za miezi mitatu, lakini msimu wa sare za shule humgandisha kitini. Tarehe zikampita mara mbili, akaishi roho mkononi mpaka alipoziona siku zake. Akaamua kufunga kizazi, yaishe.

Mama mkwe alikuja juu. Mwanawe hajapata wa kiume, alisema, na mwanamke aliyefungwa hugeuka gogo. Jirani naye akaleta habari ya kitanzi cha kuzuia mimba kilichopanda hadi moyoni mwa shoga yake, ila jina la shoga huyo lilimtoka. Mume, mchomelea mageti, hakusema ndiyo wala hapana. Alikula, akanawa, akaondoka.

"Mama, nakuheshimu," fundi alimwambia mkwewe. "Lakini hawa wanne waliopo wanamhitaji mama yao."

Jumatatu alifunga kibanda, akaenda kliniki peke yake. Muuguzi alimweleza njia zote, kijiti na kitanzi pia, akamkumbusha mara mbili kwamba akishafunga hakuna kurudi nyuma. Mume anaweza kushirikishwa, alisema, ila idhini ni ya mwenye mwili. Fundi alikuwa ameshika kalamu mumewe alipoingia na aproni yake iliyotobolewa na cheche. Kaja kunizuia, akawaza, akatia sahihi upesi.

Mume alimgeukia muuguzi. "Atatoka damu kama siku ile?"

Muuguzi alimjibu kwamba mkato ni mdogo na damu ni kidogo sana. Mume akashusha pumzi. Ndiye aliyelifua godoro lililolowa damu siku ile kwa mikono yake, na hakuwahi kulitaja.

"Mbona hukuniambia unaogopa?" mkewe aliuliza.

"Ningekutia hofu."

Muuguzi akatania kwamba upasuaji wa kufunga uzazi kwa wanaume ni mfupi zaidi. Bwana akavuta miguu chini ya benchi. Lakini hakuondoka mpaka mkewe alipotoka chumba cha upasuaji.

Baada ya wiki mbili fundi alirudi kwenye cherehani. Mume alimwendea mama yake, akamwambia jambo lile ni lao wawili. Mama mkwe alinuna miezi miwili, na hata leo halizungumzii. Wifi mtu, mwenye watoto sita, alileta kitambaa cha gauni, akausindika mlango wa kibanda, akauliza muuguzi yule hupatikana siku gani.