Mama Projestus Asiyekuwepo

Alistidia alikuwa mwalimu mstaafu wa Ijumbi, Muleba, na katibu wa umoja wa wanawake wa usharika wao wa Kilutheri. Wiki moja mwezi wa sita, wanne kati ya wanawake hao walipigiwa simu na watu wasiowajua, nao wakaitwa kwa majina wanayoitwa na majirani tu. Mmoja wao, Magdalena, nusura ataje namba yake ya siri, kwa vile mpigaji alimuulizia binti yake kwa jina la utani. Baada ya hapo aliizima simu akaifungia kabatini, akasema hatazungumza tena na mwanawe aliyeko Mwanza mpaka aje mwenyewe.

Alistidia hakumwambia mtu jambo lililokuwa likimkereketa. Wote wanne walikuwa na programu iitwayo Ngao Tulivu, iliyojinadi kuwa inalinda siri za mwenye simu, na yeye ndiye aliyewahimiza kuiweka. Yeye mwenyewe alikuwa amewekewa mwaka uliotangulia na Rahima, fundi simu wa Bukoba mjini.

Akapanda gari kwenda kumwona. Rahima alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkazi wa Buhembe, mpole wa maneno. Alimwamkia, akampa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Alistidia alitarajia ajitetee, au amtolee programu nyingine iliyo bora zaidi. Rahima hakufanya hivyo.

"Mwalimu, sijui," alisema. "Niliiweka kwa sababu ilisifiwa. Nipe wiki mbili niijaribu, ndipo nikujibu."

Jaribio lake lilikuwa jepesi kuelezeka, ila lilihitaji subira. Alichukua simu tatu kuukuu, akafuta kila kitu kilichokuwamo. Katika kila moja aliandika jina moja tu la mtu asiyekuwepo duniani, pamoja na namba ya laini mpya ambayo hakuna aliyewahi kuijua; laini zenyewe alizitia katika simu nyingine. Simu ya kwanza aliiwekea Ngao Tulivu, na ndani yake akaandika "Mama Projestus". Nyingine mbili aliziwekea programu mbili za aina hiyo hiyo, kila moja na jina lake la kubuni. Kila asubuhi aliandika kwenye daftari kilichoombwa na kila programu: majina, picha, mahali simu ilipo, kinasa sauti. Aliandika hata chaji ilivyopungua.

Wiki mbili zilipotimia Alistidia alirudi. Walikuwa wakipitia daftari wakati mojawapo ya zile laini mpya ilipoita. Rahima aliweka sauti ya nje, akapokea bila kusema neno.

"Shikamoo Mama Projestus," ilisema sauti ya kijana, kwa heshima zote. "Nakupigia kuhusu akaunti yako."

Alistidia aliigeukia simu yenye Ngao Tulivu. Jina hilo lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, ndani ya simu iliyolala pale mezani. Rahima alikata simu, akaandika saa na tarehe kwenye daftari.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Rahima alisimama mbele ya wanawake wa Ijumbi akiwa amejifunga mtandio wake wa buluu. Alistidia alidhani ataanza na wale matapeli. Alianza na nafsi yake.

"Waitu, ndugu zangu, Ngao Tulivu niliwawekea watu mimi. Nilisoma sifa zake, sikuijaribu. Wateja wangu nimeanza kuwapigia mmoja mmoja, na ninyi nimekuja mwenyewe."

Kisha aliwaeleza alichokiona. Programu ya pili haikuiba kitu, lakini ilimaliza chaji kabla ya saa sita mchana. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila kazi yake wangeweza kuifanya wenyewe kwa kufungua mipangilio na kuondoa ruhusa zisizo na maana. Hakuwaficha pia kwamba majina yaliyokwisha kutoka hayarudi; simu zingeendelea kuja, cha muhimu ni kutotaja namba ya siri hata wakiitwa kwa jina la mama aliyewazaa.

Alistidia alimtazama msichana yule, maana kwake alikuwa msichana, akaona aibu ya kukaa kimya. Akasimama na kusema kwamba wanawake hawa waliiweka Ngao Tulivu kwa kumwamini yeye. Magdalena alisogea kwenye benchi ili Alistidia apate nafasi ya kukaa, wakaanza kuifuta pamoja kwenye simu ya Alistidia.

Wateja kadhaa walimhama Rahima. Wengi walibaki, na wengine walikuja kwa sababu ya zile simu alizopiga. Magdalena aliitoa simu yake kabatini Jumapili ile ile, akaifuta Ngao Tulivu, akampigia mwanawe.

Mwezi wa nane Alistidia alikuta programu ya tochi katika simu ya jirani yake ikiomba majina yote yaliyomo. Aliandika jina moja la kubuni na namba ya laini mpya katika simu tupu, akaiwekea tochi hiyo, akasubiri siku kumi na moja mpaka mtu asiyemjua akapiga akiliita jina lile, halafu akampigia Rahima kumweleza.

"Hiyo sijaikuta bado," Rahima alisema, na Alistidia alisikia akifunua daftari. "Nieleze taratibu, Mwalimu, niandike."