Matela Yenye Moto Ilikataa

Mu Mudzipela muzima, mutaa yetu ya Bunia, hakuna mwenye anashona matela ya pamba ya kulalia kunipita mimi. Ni kweli tupu. Tulikuwa wawili, na mwenzangu Suzanne alikufa. Akiwa muzima, watu walikuja kwangu tu wakati Suzanne iko na malaria.

Ile miaka bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini siye wa Bunia tulikuwa bado tunalala na viatu mu miguu. Mujukuu yangu Falone akazaa binti, wakamuita Chance. Nikamushonea kamatela kadogo: pamba ya muti yenye inatoka upande wa Mambasa, nimeianika kwa jua, nimetoa mbegu zote, nimeitia ndani ya kitambaa yenye nilifua mupaka rangi ikachoka kutoka. Serge, bwana ya Falone, akaiangalia kama muntu mwenye wamemuonyesha panya.

"Koko, mutoto yangu halali juu ya majani kama mbuzi."

"Bwana yangu mudogo," nikamujibu, juu kwetu koko anataniaka bwana ya mujukuu, "weye mwenyewe ulilala juu ya majani, na ulikomaa muzuri. Kichwa tu ndiyo ilibaki."

Hakucheka. Kisha siku kidogo akaleta matela kubwa ya eponji, nene, imevaa nguo mupya ya maua. "Mupya kabisa," akasema. "Kutoka Aru. Hakuna muntu hata moja amelala hapa." Kamatela yangu akaitupa juu ya kabati.

Tangu hapo mutoto akabadilika. Ngozi yake ikawa nyekundu mugongoni, fasi yenye inagusa matela. Akawa anakohoa kikohozi kavu, kama ya muzee. Ukimubeba, ananyamaza. Ukimulaza, anafungua macho na kuangalia pembeni, kama iko muntu mwenye amelala karibu naye na hajamupatia nafasi. Falone naye akaanza kukonda.

Siku moja, mvua ilikuwa inakuja, mbingu nyeusi na kila muntu amekimbilia nyumbani, Falone akanifuata na mutoto mugongoni.

"Koko, kuja uone. Lakini usicheke."

"Nikicheka, utanipiga?"

"Koko, ninakuomba."

Nikaenda. Mu chumba harufu ilinishika puani: si jasho, si mikojo ya mutoto. Ilikuwa kama harufu ya kopo ya dawa ya mende yenye imefungwa miaka mingi. Falone akatandika shuka, akainyoosha na mikono mbili, akasimama mbali.

"Angalia sasa."

Matela ikapumua. Sisemi uongo: fyuuu, polepole, kama muntu mwenye amerudi kutoka kazi. Na pale katikati shuka ikaanza kushuka yenyewe. Ikashuka fasi ya bega, ikashuka fasi ya kiuno, ikashuka fasi ya magoti yenye yamekunjwa. Muntu amelala kwa upande, amejikunja kama mbwa ndani ya mvua. Na pembeni ya mbavu, kashimo kadogo, karefu, kama ya kitu yenye alikuwa anaikumbatia.

"Si mimi," Falone akasema na sauti ndogo. "Mimi ninalala chali. Serge analala kifudifudi. Koko, huyu ni nani?"

Nikatia mukono ndani ya kale kashimo. Ilikuwa baridi. Ilikuwa na upana ya tochi.

Siye washonaji hatuamini macho, tunaamini moto. Kitu yenye utalalisha mutoto, uonjeshe moto kwanza. Pamba inaungua na harufu ya karatasi. Majani inaungua na harufu ya shamba. Manyoya ya kondoo inanuka nywele. Kila kitu inasema jina ya mama yake. Nikafungua nguo ya maua pa katikati, nikanyofoa kipande ya eponji, nikaiweka juu ya makala nyekundu ya mbabula, jiko ya Falone.

Ikajikunja. Ikawa nyeusi. Ikatoa moshi ya uchungu yenye ilinikwaruza koo, kisha ikazimika pekee yake. Makala ilikuwa nyekundu, nilipuliza paka kizunguzungu kikanishika, na ile kipande ikakaa pale, inaniangalia.

Hapo nikaacha kupuliza, juu muntu moja tu mu Bunia alikuwa na matela yenye moto inakataa. Ndugu yangu mudogo Donatien. Alikuwa sentineli, mulinzi wa usiku, kwa wazungu wa misaada kule Shari, na wakati walifunga mizigo yao walimuachia matela yao. Alijivuna sana! "Wametia dawa ndani, dada. Sigara ikianguka, haishike." Akalala juu yake kwa upande, amejikunja, tochi ya kazi mu mbavu, paka mwaka uliotangulia kikohozi kavu kikamumaliza.

Sasa musikilize desturi ya familia yetu. Muntu akikufa, matela yake inachomwa, asirudi kuilalia. Lakini mbele ya kuichoma, dada yake anafunga mulango, anakata kona moja, anaiweka chini ya kichwa ya marehemu ndani ya sanduku, asiamke kutafuta mutoo. Ni siri ya wanawake. Wanaume, na zaidi wakwe, hawajue. Kazi yao ni kubeba matela kule bondeni na kuichoma. Siku ya kumuzika Donatien, aliibeba Serge. Alirudi jioni, akasema: "Imeisha. Majivu tu."

Nikapasua nguo ya maua yote, nikashika kona za matela, moja kisha ingine. Ya tatu ilikuwa na uzi mweusi kuizunguka. Eponji ya hapo ilikuwa ya manjano, ingine yote nyeupe. Nikanyofoa, nikaiweka kwa makala. Ikashika moto mara moja, fuu! Karibu inikule nyusi.

"Falone," nikasema, "ondoa ile kamatela juu ya kabati."

Tukamulaza Chance juu ya pamba. Akaangalia pembeni, upande huu, upande ule. Hakuona muntu. Akalala, mudomo wazi, bila kukohoa hata mara moja. Pamba yangu inaungua, sikatai. Ndiyo maana mutoto hapewi sigara.

Serge aliingia amelowa mvua. Akaona nguo ya maua imepasuka.

"Bwana yangu mudogo," nikamuuliza, "muntu wa Aru mwenye alikuuzia matela mupya, alikuwa analala namna hii, na tochi?"

Akaangalia ile shimo. Mvua ilikuwa inamutoka mu nywele, lakini naona haikuwa mvua peke yake.

"Koko... Falone... nitasema kweli. Si ya Aru. Ni ya baba Donatien. Lakini niliichoma! Haki ya Mungu, nilimwanga petroli, nikawasha, moto ikakataa! Nikaogopa. Nikasema labda marehemu anataka ibaki mu familia. Ningefanya nini?"

Falone alinigeukia, macho makubwa. Alikuwa anataka kumuamini, ninamujua.

"Moto ilikataa, ni kweli," nikasema. "Hata mimi imenikatalia. Lakini petroli ulimwanga fasi gani? Nimepindua matela yote, sioni alama."

Serge akatafuta na macho. Akaangalia katikati, akaangalia miguuni. Kisha uso yake ikapata mwangaza, akapiga magoti, akaweka kidole juu ya ile uzi mweusi.

"Hapa, Koko! Hii kona moto iliikula yote, paka majivu. Ndiyo maana niliipachika ingine."

Nyuma yake matela ikapumua, fyuuu, polepole.

"Ile kona, bwana yangu," nikamuambia, "nilikata na kisu yangu mwenyewe. Iko chini ya kichwa ya Donatien."