Kuyasindikiza Maji

Hapa kijijini Tindiga, maji ya zamu ya kumwagilia huyaachi yaje peke yake. Unayasindikiza kama mgonjwa. Tangu alfajiri Raheli alikuwa akitembea juu ya tuta la mfereji, jembe begani, akiyafuata kutoka banioni, yanakochepushwa mtoni, kwenda kwenye majaruba yake. Mpunga ulikuwa unachanua. Ukikosa maji sasa, atavuna pumba.

Kwenye shamba la mwekezaji pampu ilikuwa ikinguruma, mpira wake mnene kama paja umezamishwa mferejini, ingawa zamu haikuwa ya mwekezaji. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kigoda, bunduki mapajani. Raheli alipita akitazama chini.

Mbele kidogo maji yakakatika. Tuta lilikuwa limetobolewa, na ndani ya jaruba Bi Yunis, mzee kumpita mama yake, alikuwa amesimama kwenye tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, leo zamu yetu sisi wa mashamba ya chini."

"Najua. Yangu ilikuwa juzi, maji hayakufika. Kamati ya maji wananiambia nisubiri. Mpunga unajua kusubiri?"

Raheli alishusha jembe azibe, mikono ikamgomea. Mpunga wa bibi ulikuwa wa manjano, na nyufa za ardhi zingemeza mguu wa mtoto.

Ndipo akasikia vishindo. Lupakisyo, waliyepakana naye mashamba, alikuwa anakuja mbiombio na wanaume wawili wa chini, mapanga mikononi.

"Nani kakata?"

"Maji yanaishia juu, Lupakisyo," Raheli alisema. "Pampu inavuta mchana kweupe. Twendeni kule kwanza."

Wanaume wakatazama kule juu. Hakuna aliyesogea.

"Kule kuna bunduki, dada," Lupakisyo alisema taratibu. "Mwekezaji akipiga simu moja tu polisi, tunalala ndani. Usituzingue."

Akashuka kwenye jaruba la Bi Yunis. Wenzake wakamfuata. Bibi alirudi nyuma, akateleza, akakaa kwenye tope bila kupiga kelele.

Raheli aliruka chini, akasimama kati yao na bibi.

"Toka, Raheli," Lupakisyo alisema. "Huyu mwizi. Tusipomfunza leo, kesho kila mtu atakata."

"Sitoki."

"Na wewe shamba lako linakauka!"

"Linakauka," alisema, akakita miguu kwenye tope.

Lupakisyo akahamishia panga mkono wa pili, macho sasa kwa Raheli, si kwa bibi tena.