Ushahidi wa Sabuni

Mwaka 1956 Mwalimu Idarusi wa Nguvumali alikuwa akiandika insha ya kuombea cheti cha juu. Sehemu ya kwanza ilihusu kisima kikongwe cha mtaani kwao, ya pili makaburi yaliyo kando yake. Bila cheti hicho angebaki kuimbisha watoto a-e-i-o-u mpaka meno yamtoke. Msahihishaji wake, Bwana Zebedayo, alitoa sharti moja: kila jambo liwe na ushahidi uliopigwa chapa. Maneno ya mdomo, alisema, si elimu.

Kisima hicho hakuna aliyepata kukiandika. Aliyekijua ni Bibi Mwatumu, bibi yake Idarusi, na bibi hakupigwa chapa.

Bahati njema, Mselem mwenye duka pale Usagara alikuwa akigawa karatasi za kutangaza sabuni yake. Zilisema: "Kisima cha Nguvumali alikichimba Mwana Saleha kwa mikono yake. Lau angeipata Sabuni ya Mselem, mikono ile ingetakata." Idarusi alipokea moja kwa mikono miwili, akauliza habari hiyo imetoka wapi.

"Kwa bibi yako," akajibu Mselem. "Huja kununua mafuta ya taa, na haondoki mpaka aseme."

Idarusi alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, na chuoni alifunzwa kuwa habari haina uzito mpaka utaje wote walioipokezana. Basi chini ya ukurasa akaandika: "Karatasi ya sabuni. Mselem kaipokea habari kwa Bibi Mwatumu, naye kwa mamake, Asmahani, naye kwa bibi yake, aliyeteka maji siku ya kwanza."

Insha ikarudi. Mstari mwekundu ulianzia penye jina la Mselem ukaenda hadi mwisho. Pembeni Bwana Zebedayo ameandika: "Karatasi ya sabuni inatosha. Futa porojo, sehemu hii imepita. Naisubiri ya makaburi Jumatatu."

Idarusi aliona haya, tena haya kubwa, lakini alikwenda kwa bibi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Wameamini. Ila wataka nikutoe wewe, ibaki sabuni."

Bibi Mwatumu aliendelea kusuka ukili wake wa mkeka mpaka akamaliza pindi.

"Nitoe, mjukuu wangu, upate cheti chako," akasema. "Na yale makaburi, ukitaka kujua wamelala kina nani, kaiulize sabuni."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.