Komeo la Nje

"Nyapara! Nifungulie, nimebanwa!"

Mama mpakiaji aligonga mlango kwa kiganja kilichojaa unga. Chumba cha kupakia unga kilifungwa kwa komeo la nje, wapakiaji wasije wakakimbia kazi kwa kisingizio cha choo. Swichi ya mashine ya kujaza magunia nayo ilikuwa nje. Feni ya kutoa vumbi ilikufa zamani, na kila aliyeiulizia aliambiwa spea iko njiani.

"We Bonge, si umetoka sasa hivi?" nyapara alijibu. "Unakunywa maji kama ng'ombe, halafu unanisumbua mimi!"

Zamani hakuwa bonge. Alikuwa mwembamba mwenye pumu, analala ameketi huku bintiye akimsugua mgongo. Ndipo kiwanda kilipoleta sindano. Kila mwezi nyapara aliwapanga foleni wenye vifua, na tabibu wa kiwanda akawachoma makalioni. Tusiseme uongo, sindano ile ilimfaa. Alilala chali, akapanda ngazi huku akiimba, akamwombea dua aliyeigundua.

Kisha uso ukavimba, tumbo likamtangulia, na kiu ikawa haikatiki. Wenzake walimtania kwamba anakula unga mbichi. Sisimizi walipoanza kujazana pale alipokojoa, bintiye alimburura hadi hospitali.

"Sukari imepanda, mama," daktari alimwambia. "Dawa hii inaokoa kifua kikibana, siikatai. Lakini kila mwezi, huu mwaka wa pili? Ndiyo iliyokunenepesha, ndiyo iliyopandisha sukari. Usiiache ghafla, ni hatari. Tutaipunguza polepole na nitakupa ya kuvuta. Ila kama vumbi litabaki palepale, tunatwanga maji kinuni."

Maneno hayo alimfikishia nyapara juzi, naye akacheka. "Sindano rahisi, feni ghali. Hutaki? Wenzio wamejaa getini."

Leo komeo lilipovutwa, alikuwa amekwisha kuchelewa. Sketi ilikuwa imelowa mpaka chini. Nyapara aliitazama, kisha akapaza sauti uani kote: "Njooni muone, Bonge kajikojolea!"

Hakuna aliyecheka. Mama mtu mzima alijisafisha bombani, akajifunga nguo ya kuazima, akarudi kazini. Moyoni alikuwa anatokota.

Mchana, watu wakila uani, nyapara aliingia chumbani peke yake kukagua mashine. Mama aliacha chakula chake, akaenda, akasukuma komeo. Kisha akabonyeza swichi.

Unga ulianza kumwagika bila gunia la kuupokea.

"Nani huyo? Fungua!" Kikohozi kikamkata kauli. "Dada! Dada yangu, nakufa humu!"

"Leo nimekuwa dada?" aliuliza. "Vumilia, spea iko njiani. Nikuitie tabibu akuchome?"

"Mkuki kwa nguruwe," mshona magunia alinong'ona, akaendelea kutafuna. Hakuna aliyeinuka. Mama alijaza kikombe maji, akanywa taratibu mpaka tone la mwisho, ndipo akazima mashine na kufungua. Nyapara alitoka akitambaa, machozi yamemchora mistari usoni.

Mama alifukuzwa siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata, akienda kliniki ya sukari na bintiye, alipita nyuma ya kiwanda akasikia feni mpya ikinguruma. Wenzake wangepumua. Yeye sukari anayo, kazi hana.

"Unajuta, mama?"

"Sana," alisema. "Nilimfungulia mapema mno."