Boti Haisimami Mboko

Ng'ombe wetu alipanda boti kabla yangu, na kusema kweli alipanda kwa adabu kunishinda. Yeye alikanyaga ubao, akanusa hewa, akaingia. Mimi mmoja alinisukuma kwa nyuma, mwingine akanivuta mikono, na nusu ya bandari ya Kalundu ikaangua kicheko. Wacheke tu. Mimi ni Nyirahabimana, mtu wa Mulenge, mzaliwa wa milimani, ambako mto ukikufika magotini unatafuta njia nyingine. Siku hizi nakaa mtaa wa Rugenge, hapa Uvira, na ziwa nalitazama kila kukicha, lakini mguu sijawahi kuutia. Ziwa na mimi tunasalimiana kwa mbali.

Ila siku hiyo hata hofu ilikuwa tamu. Tulikuwa tunapeleka mahari! Cyusa, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa amempata Kaneza wa Mboko, muuguzi mwenzake, msichana anayecheka mpaka wagonjwa wanasahau kuumwa. Nilivaa mushanana wangu, vazi letu la sherehe la kufunga begani, wa rangi ya machungwa. Cyusa alivaa suti, akawa anajipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Kagabo, mzee wetu wa kusema, alishika fimbo yake ndefu na kurudia hotuba kwa sauti ya chini. Kagabo akianza kusema, hata aliyemuuliza swali husahau alichouliza. Katika mahari, mtu wa namna hiyo ni mali.

Kulikuwa na jambo moja la kuogopa, na halikuwa maji. Hii ilikuwa mara ya tatu. Safari ya kwanza mvua ilibomoa daraja na gari letu likarudi. Ya pili boti iliharibika mashine hapohapo Kalundu, kabla hata kamba hazijafunguliwa. Baba wa Kaneza, Sévère Hatungimana, mkulima kutoka uwanda wa Ruzizi aliyehamia Mboko kulima michikichi, alituma maneno: "Minye nimechinja mbuzi mara mbili juu ya wageni wenye hawakuje. Mukikosa tena, Kaneza anaenda kwa dada yangu Bujumbura, na musinipigie simu." Mbuzi wawili ni mbuzi wawili.

Halafu mzee huyo hakutaka pesa. Watu wa mjini siku hizi wanaweka noti ndani ya bahasha na kuiita ng'ombe. Sévère alikataa kabisa. "Bahasha haina maziwa," alisema. Basi nikamtoa Bihogo, mtamba wangu mwekundu. Mama yake alikufa akimzaa huko Mulenge, nikamnywesha kwa chupa, nikamlaza karibu na mlango wangu, nikamwimbia sikioni. Amekua akinifuata kila ninapokwenda. Jumapili moja alinifuata mpaka ndani ya kanisa, na mchungaji akasema angalau huyo hakuchelewa.

Boti yetu, *Neema Yatosha*, ilipaswa kusimama Mboko, kisha kuendelea Baraka. Tuliondoka na muziki juu, watu wanacheza kati ya magunia, Bihogo akitafuna majani yake kama abiria wa kila wiki. Hata mimi nilianza kutikisa bega kidogo. Tumepita Makobola, nakodolea macho ufuo niione Mboko, ndipo muziki ukazimwa.

Kapteni Firmin alisimama juu ya sanduku na kipaza sauti chake.

"Ba-mama na ba-papa, musikilize! Programu imebadilika. Leo Mboko hatutasimama. Maji ya ziwa imepanda sana, malupango ya batu iko chini ya maji, na miti yake pia. Kuko boti moja ilipasuka tumbo pale. Tunaenda direkte mpaka Baraka. Batu ba Mboko mutashuka wakati ya kurudi, kama maji itatulia."

Lupango ni kiwanja cha mtu pamoja na uzio wake wa miti, na ni kweli, ziwa limekuwa likimeza viwanja vya watu ufuoni. Hilo nalijua. Lakini moyo wangu haukutaka kujua. Abiria wengine walipiga kelele, wengine wakacheka, na mama mmoja wa vitunguu akajilaza juu ya gunia lake akisema hata Baraka watu wanakula. Mimi nilikwenda moja kwa moja hadi kwenye sanduku la kapteni.

"Kapitene, weye unajua ni nini iko mu boti yako?"

"Mama, minye naona ng'ombe."

"Ile haiko ng'ombe! Ile ni ndoa ya mutoto wangu!"

Akaniangalia, akaiangalia ndoa ya mtoto wangu, nayo ikakojoa. Nilimweleza yote: daraja, mashine, mbuzi wawili, Bujumbura. Kapteni alikuna kichwa. Alisema yeye ana roho za watu ndani ya boti na hawezi kuzipeleka juu ya miti.

Kagabo naye alikuja na hekima. "Tutaenda Baraka, tutarudi. Haraka haraka haina baraka."

"Kagabo, boti hii iko na haraka na iko na Baraka. Sisi ndiyo hatuna kitu!"

Cyusa alikuwa amegeuka, simu sikioni, akiongea na Kaneza. Alipogeuka aliniambia kwamba wageni wamekwisha kuketi, padri amekwisha kufika, na Sévère amevaa koti na kusimama ufuoni kuangalia boti. "Masenge," alisema, na kwetu masenge ni shangazi, "Libérat anakuja na mutumbwi." Libérat ni kaka yake Kaneza. Nikarukaruka kama msichana.

Kapteni akakubali. "Nitapunguza moteri kidogo, mbali na miti. Lakini kusimama, hapana."

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Ng'ombe inajua kuogelea."

"Nani aliifundisha?"

"Mungu," akasema Firmin, na akaenda kupunguza moteri.

Mtumbwi ulikuja mbio, Libérat akipiga kasia na kutupungia mkono. Cyusa alivua koti la suti, akashuka kwanza, akashika kamba ya Bihogo. Mabaharia wakafungua ubavu wa boti, wakamsukuma mtamba wangu taratibu, taratibu, kisha si taratibu. Nilifunga macho. Nilisikia maji yakipasuka na boti nzima ikipiga ukelele. Nilipofumbua, nikaona kichwa chekundu kinatoka majini, pua juu, masikio yamesimama. Alikuwa anaogelea! Watu walimshangilia kama timu ya nyumbani imefunga bao.

Ila aliogelea kurudi kwetu. Cyusa alivuta kamba kuelekea ufuoni, yeye akavuta kuelekea boti. Alizunguka nyuma, akazunguka mbele, akilia, jicho lake likipanda na kushuka kwenye ukuta wa boti. Libérat alikaa na kasia lake, bila kugusa kamba hata kidogo.

"Masenge!" Cyusa akaita. "Anakutafuta weye! Shuka!"

Mimi? Ndani ya kile kipande cha mti? Nilimwangalia Kagabo, maana ndiye msemaji, ndiye mwanamume, ndiye mwenye fimbo. Kagabo aliukumbatia mlingoti. "Mutumbwi na minye, hapana," alisema. "Na kama minye sifike, hakuna mwenye atasema. Mwanamke hasemi mahari." Nikaelewa kwamba nikingoja mwenye haki ya kusema, mtamba wangu atazama, na Kaneza atakwenda Bujumbura. Nikapandisha mushanana, nikamwita Mungu kwa jina lake lote, nikashuka. Sijui nilishukaje. Najua tu kwamba nilitua juu ya miguu ya Libérat, na hakulalamika, kwa hiyo nikampenda papo hapo.

"Ngwino, Bihogo! Ngwino, mwana wanjye!" Njoo, mwanangu. Nilianza wimbo uleule wa sikioni, ila sasa kwa sauti ya mtu anayeita kutoka mlima hadi mlima. Bihogo aligeuza pua. Akaja! Alikuja nyuma ya mtumbwi akipuliza maji, macho juu yangu, nami naimba, natetemeka, nacheka, vyote pamoja. Nyuma yetu boti ilipiga honi na kushika njia ya Baraka pamoja na Kagabo, fimbo yake na hotuba yake yote. Hata sikuangalia nyuma.

Ufuo ulikuwa umejaa. Niliona vitambaa, niliona padri, niliona Kaneza kwa gauni la manjano akiwa amejishika mashavu. Na mbele ya wote Sévère, mrefu, koti jeusi, mikono nyuma ya mgongo. Mikono ile nyuma ya mgongo niliielewa. Kwao ni kama kwetu: upande wa bibi-arusi haugusi ng'ombe kabla ya maneno ya wazee kuisha. Atakayeshika kamba, amekubali, na hakuna wa kurudisha. Ndiyo maana Libérat alikuwa anapiga kasia tu.

Kisha mtumbwi ukakwaruza kitu. "Miti!" Libérat akapiga kelele. Chini yetu, ndani ya maji, kulikuwa na uzio mzima umesimama kama siku uliyojengwa. Mtumbwi ulipita juu yake. Bihogo hakupita. Kamba ilinasa, mguu ukanasa, akajivuta, kichwa kikazama, kikatoka, kikazama tena. Nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi.

Cyusa alijirusha majini. Hajui kuogelea, mtoto wangu, ni wa milimani kama mimi! Maji yalimfika kidevuni. Alisimama juu ya vidole vya miguu, akauinua uso wa Bihogo kwa mikono miwili, wote wawili wakikohoa. Wimbi moja likawafunika. Niliwaona watoto wangu wawili wanapotea mbele ya macho yangu, na ufuoni hakuna aliyesogea, maana wote walikuwa upande wa bibi-arusi.

"Hapana huko!" Ilikuwa sauti ya Sévère. "Ile ni lupango yangu! Mulango iko huku! Huku!"

Akaingia majini na koti lake. Alikuja akikata maji kwa kifua, akipapasa kwa miguu, mtu anayetafuta kizingiti chake mwenyewe gizani. Alimfikia Cyusa, akaichomoa kamba kwenye mti, akaizungusha mkononi mwake, akamvuta Bihogo pembeni kidogo, hatua chache tu, kisha mbele. Uzio uliishia hapo. Walipita katikati ya nguzo mbili tusizoziona, mzee, mtamba na kijana, hadi maji yakashuka magotini mwa ng'ombe na kwato zake zikakanyaga chini. Bihogo alisimama, akapiga chafya. Cyusa alikuwa hai, akitapika ziwa.

Ndipo watu wote wakaona kitu ambacho Sévère mwenyewe alikuwa bado hajakiona. Mkewe, Agathe, aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nilisimama ndani ya mtumbwi, mushanana umenigandia, sina fimbo, sina msemaji. Mwanamke hasemi mahari. Vizuri. Basi mimi niliuliza tu.

"Papa Kaneza, bamwana wangu," nikamwita jina la wazazi walioozeshana, kabla hajawa mmoja wao. "Weye umeshika nini mu mukono?"

Aliuangalia mkono wake. Kamba ilikuwa imeuzunguka mara mbili. Angeweza kuiachia. Angeweza kusema aliokoa mnyama tu, na mtu mwungwana asingembishia, hata mimi nisingembishia. Aliangalia kamba, akamwangalia Cyusa aliyekuwa bado ameweka mkono juu ya shingo ya Bihogo, akaangalia maji yaliyotulia juu ya uwanja wake.

"Humu nilikuwa ninafunga ng'ombe za baba yangu, zenye nilitoka nazo Ruzizi," alisema polepole. "Ziwa ilipoingia, nilisema hakuna ng'ombe itaingia tena mu hii lupango."

Akaivuta kamba, akaikaza.

"Nimeshika ng'ombe yangu. Agathe, mwite mutoto wabo."

Mtoto wao. Wetu! Vigelegele vilipasuka ufuo mzima, padri akipiga makofi kutushinda hata sisi Waprotestanti. Kaneza hakungoja kuitwa. Aliingia majini na gauni lake la manjano, akampita baba yake, akampita Cyusa aliyekuwa amefungua mikono, akaja mpaka kwenye mtumbwi, akanishika kiuno, akaniambia, "Masenge, shuka, minye nakushika." Nikalia kwa sauti mbele ya wakwe, bila haya yoyote, nikatia mguu wangu ndani ya ziwa.